Picha Aliyoingia Baba Mkwe

Mume wangu alipiga picha za watu wengi wa pande zetu, kuanzia Ipinda mpaka Matema, lakini yeye mwenyewe hakuwamo katika hata moja. Nilimwomba mara nyingi akae mbele ya kamera, mimi nipige. Kila mara alinijibu vilevile.

"Mimi unaniona kila siku. Vioo vyenyewe vichache. Tuwaachie wengine."

Alikuwa mwalimu katika shule ya misheni iliyokuwa karibu na ziwa. Kamera aliachiwa na Mdachi mmoja mpima ardhi, ambaye alimtumikia alipokuwa kijana. Mdachi yule aliugua homa akarudishwa kwao, naye akamwachia sanduku la mbao lenye mfuko wa ngozi uliokunjika na kukunjuka kama mvukuto wa mhunzi, miguu mitatu ya kulisimamishia, shuka jeusi la kujifunika kichwa wakati wa kutazama, chupa za dawa, na vioo vilivyofungwa kwa karatasi nyeusi. Kila kioo kilitoa picha moja. Mbele ya sanduku palikuwa na jicho lenye kifuniko cha shaba. Ukitaka kupiga picha ulikitoa kifuniko, ukahesabu polepole hadi tatu, ukakirudisha. Katika muda huo aliyekaa mbele hakutakiwa kutikisika.

Siku zetu za kutembea zilikuwa Jumamosi shule ikifungwa, na Jumapili baada ya ibada. Yeye alibeba sanduku mwenyewe, hakumwamini mtu. Mimi nilibeba ile miguu kichwani na kapu la ndizi za kuchoma mkononi. Penye njia pana tulitembea sambamba, jambo ambalo watu hawakulizoea, maana mke alitakiwa afuate nyuma. Siku moja kwenye kivuko cha Mto Lufilyo wanawake waliokuwa wakifua walituona wakaacha kufua.

"Mwalimu!" mmoja aliita. "Mkeo amepotea? Mbona anatembea ubavuni kwako?"

"Njia anaijua yeye," mume wangu akasema. "Mimi ndiye nitakayepotea."

"Na hayo magongo kichwani mwake, mnakwenda kujenga nini?"

"Nyumba ya mkwe wako," nikamjibu mimi, "upate mahali pa kumkimbia."

Walicheka mpaka nguo moja ikachukuliwa na maji, na mwenye nguo akaifukuza huku akinitukana kwa furaha. Mume wangu aliwapiga picha wakiwa wamesimama majini mpaka magotini. Ninayo mpaka leo. Aliyeikimbilia nguo hana kichwa, kwa sababu alitikisika.

Nieleze kuhusu huko kumkimbia mkwe, kwa sababu wengine hawana desturi hiyo. Kwetu Unyakyusa mke haonani na baba wa mume wake. Hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake. Akimsikia anakuja, anatoka njiani na kujifunika nguo mpaka apite. Baba mkwe naye ana wajibu wake: akikaribia penye mke wa mwanawe hukohoa, ili apate nafasi ya kujificha. Wazungu wa misheni walisema mambo hayo ni ya kale na yaachwe. Sote tulikuwa tumebatizwa, baba mkwe akiwa wa kwanza kijijini, na hatukuyaacha. Hatukuyaona kuwa uadui. Mzee yule alikuwa akiniletea samaki, akiwaweka juu ya jani la mgomba nje ya uzio na kuondoka, na mimi nilikuwa nikimpikia kila siku chakula ambacho mama mkwe alimpelekea. Sikuwahi kuuona uso wake. Nilimjua kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo yake. Watu walisema baba na mwana wamefanana kama ndizi za kichane kimoja, nami niliitikia tu, maana nilimjua mmoja.

Likizo ya Noeli ya mwaka uliotangulia vita tulisafiri mbali kuliko siku zote. Tulitembea hadi Matema, tukalala kwa ndugu zangu, kisha tukavuka kwa mtumbwi, tukiambaa chini ya Milima ya Ukinga hadi kwa Wakisi, wafinyanzi wa vyungu. Ziwa lilikuwa limetulia. Mbali kwenye maji wadudu wadogo wa ziwani, wanaoruka kwa makundi makubwa, walikuwa wameinuka kama moshi wa nyumba iliyoungua, na mume wangu alitaka kuwapiga picha, lakini mtumbwi ulitikisika akaacha.

Kwa Wakisi tulimkuta mama mmoja mtu mzima, amekaa chini na chungu kibichi katikati ya miguu yake, akikilainisha kwa kokoto. Alikubali kupigwa picha, ila hakukubali kuacha kazi.

"Udongo unakauka, mwanangu," aliniambia. "Mwambie mumeo aharakishe. Na atoke ndani ya hilo shuka. Anamwogopa nani?"

"Haogopi, mama. Anatazama."

"Anatazama nini ambacho hakioni akiwa nje?" Alikigeuza chungu. "Na yeye picha yake iko wapi?"

Nikamwambia hana.

"Ehe! Mfinyanzi hulia gaeni," akasema, akacheka mpaka kokoto ikamwanguka. "Njoo uone jikoni kwangu. Vyungu vyote nimebadilishana kwa unga, mimi napikia kilichopasuka mdomo."

Mume wangu alitoa kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Alikuwa amesikia. Tulipokuwa tunarudi mtumbwini aliniambia bila kuulizwa, "Basi. Nitakuwekea kioo kimoja."

Nikapanda mtumbwini upesi, nisije nikamfanya abadili mawazo.

Vita vilipoanza, meli hazikuleta tena vioo wala dawa. Vile vilivyobaki vilikwisha kwa watu waliokuja kuomba picha za vijana wao kabla hawajaondoka, na mume wangu hakuweza kuwakatalia. Ila kimoja alikifunga katika kitambaa cha kanga yangu kuukuu akakiweka juu ya dari. Nilijua ni changu. Kisha likaja agizo kutoka bomani: walimu wanaojua kuandika waende kuandikisha wapagazi na mizigo ya askari, na waondoke nao. Aliambiwa jioni, na alitakiwa awe njiani kesho yake jua likiwa utosini.

Asubuhi nilikiteremsha kile kioo mwenyewe.

"Leo ni wewe," nikasema.

Hakubisha. Alivaa shati jeupe la kanisani, akakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mikono juu ya magoti. Aliniwekea kila kitu tayari, nikabaki na kazi ya kutoa kifuniko.

"Usihesabu kama mtu anayefukuza kuku," akaniambia.

"Funga mdomo. Utatikisika."

Alifunga mdomo, lakini macho yalikuwa yanacheka. Nikatoa kifuniko. Nikasema, "Moja."

Nyuma ya uzio mtu akakohoa.

Miguu yangu haikuningoja. Nilijikuta migombani, nimechuchumaa, nguo imenifunika kichwa, na kifuniko cha shaba kimo mkononi mwangu. Jicho la kamera nilikuwa nimeliacha wazi, na mume wangu alikuwa amekaa mbele yake. Kumrushia sikuweza, maana baba mkwe alikuwa amekwisha kuingia uani. Alikuja kumuaga mwanawe. Alikwenda akasimama kando yake, kama mtu yeyote anavyosimama kando ya mwanawe.

"Ugonile, mwanangu," nikamsikia.

Kimya.

"Nimekusalimu."

"Mm," mume wangu akasema.

"Mm ndiyo nini? Umekaa kama kisiki. Unaumwa jino?"

"Kamera, tata." Alimjibu baba yake bila kufungua meno.

"Anayepiga ni nani? Mimi sioni mtu."

Hapo mume wangu alishindwa. Nilimsikia akicheka, kisha nikasikia kigoda kikianguka. Baadaye aliniambia alikimbia akaliziba lile jicho kwa kiganja.

Mzee akaelewa. "Aa! Nimemfukuza mwenye kazi!" Akageuka, nadhani, akaelekeza sauti upande wa migomba. "Nisamehe, mama. Nilikohoa ili nikuheshimu."

Desturi haikuniruhusu kumjibu hata kumwambia kwamba hakukosa.

Alipoondoka tuliingia katika kijumba tulichokipiga udongo nje na ndani, mwanga usipenye, ambamo tulikuwa tukisafishia picha. Kazi yangu ilikuwa kuinamisha na kuinua bakuli la dawa, maana mikono yangu ilitulia kuliko yake. Taa ilikuwa imefunikwa kitambaa chekundu. Kioo kilianza kuwa cheusi upesi mno, kama tulivyoogopa, kwa sababu kilikula mwanga mwingi. Akakitoa, akakisogeza karibu na taa.

"Geuka," akaniambia.

"Kwa nini?"

"Tata yumo."

Nikageuza uso wangu ukutani. "Yumo vipi?"

"Yumo wote. Amesimama na fimbo yake, hakutikisika hata kidogo. Yeye ndiye aliyefuata amri zangu kuliko watu wote wa nchi hii."

"Na wewe?"

"Na mimi nimo."

"Umetoka vizuri?"

Alikawia kidogo. Kisha akasema, "Nikirudi nitamfunika tata kwa karatasi, nikutolee mimi peke yangu. Usikitazame mpaka nirudi."

Kilipokauka alikifunga tena katika kile kipande cha kanga. Jua lilipofika utosini nilimsindikiza mpaka njia ya Ipinda. Tulitembea sambamba, na siku ile hakuna aliyetutania, kwa sababu kila mke alikuwa na wake wa kumsindikiza.

Hakurudi. Mpagazi mmoja wa Makwale, aliyekuwa katika msafara uleule, ndiye aliyetuletea habari. Alisema mume wangu alishikwa na kuhara damu wakiwa wamekwisha kuuvuka Mto Songwe, akabebwa kwenye machela, na asubuhi moja waliombeba waliona uzito umebadilika. Walimzika kando ya njia, chini ya mti ambao mpagazi alijaribu kunielezea, lakini ulikuwa mti kama miti mingine. Nilimuuliza kama alisema lolote. Akasema wagonjwa wa tumbo hawasemi mengi. Namshukuru mtu yule kwa kutonidanganya.

Tulilia msiba bila maiti. Siku za matanga zilipokwisha, jambo lililonitesa kuliko yote nililiona la ajabu hata mimi mwenyewe: uso wake ulianza kunitoka. Nilikumbuka sauti, nilikumbuka shati, lakini nikifumba macho kuutafuta uso ulikuja wa kaka yake, au wa mchungaji, au haukuja. Na juu ya dari palikuwa na kioo ambacho yeye alisema, "Na mimi nimo."

Nilikishusha mara kadhaa, nikakirudisha bila kukifungua. Sikuogopa kwamba nitakufa nikimtazama baba mkwe, kama wazee walivyotisha wasichana. Niliona aibu. Mzee yule alikuwa amempoteza mwanawe, na bado alikuwa akikohoa kila alipokaribia uzio wangu. Heshima ile ndiyo iliyobaki kati yetu. Mwishowe nikamwendea mama mkwe na kioo mkononi, nikamweleza yote, nikamwomba ambandikie karatasi mzee mahali alipo, ili nimwone mume wangu.

"Lazima nimwambie mwenyewe," akasema. "Ni mwili wake huo."

Kilikaa kwao siku kadhaa. Kisha mama mkwe akaja nacho mchana, akaketi karibu na mlango wangu, na nyuma yake, ng'ambo ya uzio, nikasikia mtu akiketi pia.

"Juba, mama yangu, mbona hukubandika karatasi?" nikamuuliza nilipokipapasa ndani ya nguo nikakosa karatasi.

"Mume wangu amekataa. Amesema karatasi hubanduka, na siku itakapobanduka mke wa mwanangu atapata aibu. Amejikwangua kwa kisu chake cha kuchongea mianzi. Amejitoa wote, mpaka fimbo." Akashusha sauti, ingawa si sana, kwa maana alitaka asikike pia ng'ambo. "Kitazame, mama. Amekaa nacho mlangoni akikielekeza kwenye jua kila siku, na sura ya mwanawe hakuiona. Anasema yeye anaona mzimu, weusi ni weupe na weupe ni weusi. Macho yake hayakuzoea. Wewe ulizoea. Anaomba umtazame mwanawe, halafu umwambie ametoka vipi."

Nikakifungua, nikakiinua kwenye anga.

Upande mmoja kioo kilikuwa kitupu, safi, na mikwaruzo ya kisu ikifuata umbo la mtu aliyesimama wima. Yule aliyekuwa ametulia ndiye aliyefutwa. Kando yake palikuwa na kigoda, na magoti, na mikono juu ya magoti. Mikono nilizijua kucha zake. Juu ya mabega palikuwa na ukungu. Alikuwa amegeuka kumtazama baba yake, akacheka, akainuka, na mwanga ukamchukua katika kila hatua. Hapakuwa na jicho wala mdomo. Ndipo nilipoelewa kwa nini alikawia kunijibu.

"Umemwona?" mama mkwe akauliza.



"Nimemwona," nikasema kwa sauti, ili ivuke uzio. "Ametoka vizuri sana, juba. Amevaa shati lake la kanisani. Ametulia."

"Na uso?" mama mkwe akauliza.

Kiooni haukuwamo, basi nikaushika kichwani mwangu pale nilipoweza kuushika, nikaanza kuwaelezea kuanzia paji.