Kope Yangu na Uvivu wa Dada

Kwa miaka kumi na saba nimeuza miwani Ngara, katika duka dogo lililobanwa kati ya muuza simu na fundi cherehani. Mimi si daktari wa macho, lakini mteja akiniita daktari sikuwa na tabia ya kumsahihisha. Kwa hiyo nilipoanza kuona vitu viwili viwili, sikumwuliza mtu. Nilijipima mwenyewe.

Nilijipima asubuhi, macho yakiwa mazima. Ikifika saa tisa mchana, kila mteja alikuwa na pacha wake pembeni. Nikalaumu lenzi, nikajitengenezea nyingine. Asubuhi iliyofuata nikaona vizuri, nikajipongeza; saa tisa mapacha wakarudi. Nilijitengenezea miwani tatu kwa namna hiyo, na kila moja niliisifu.

Kisha kope ya kushoto ikaanza kushuka. Mama mmoja aliyekuja kuchukua miwani ya mumewe alidhani namkonyeza, akaniarifu kwa upole kwamba ameokoka.

Kilichonipeleka hospitali ni nyama. Jumapili moja tulikuwa kwa wakwe zangu, nikatafuna kipande cha mbuzi hadi taya likagoma. Nilikisukuma kidevu kwa mkono, nikijifanya nafikiri. Mama mkwe akaomba msamaha kwamba nyama haikuiva. Mke wangu hakudanganyika. Jumatatu alinifungisha duka, akanipeleka Upper Hill.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeongea polepole. Alitia barafu ndani ya glavu, akaiweka juu ya kope yangu kwa dakika chache. Alipoiondoa, kope ilikuwa imepanda. Nikadhani nimepona, nikanyoosha mkono kuchukua koti. Akaniambia niketi.

Majibu ya damu yalipotoka, alinieleza kwamba askari wa mwili wangu wanashambulia pale neva zinapopeleka ujumbe kwa misuli. Kadiri misuli inavyotumika ndivyo inavyozidi kulegea, ndiyo maana asubuhi nilikuwa mzima. Ugonjwa unaitwa myasthenia. Ilinichukua siku tatu kujifunza kulitamka jina hilo, na jioni sikuliweza kabisa.

Akauliza kama kuna mtu kwetu mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, viungo vinavyovimba, au ngozi inayopoteza rangi. Nikajibu kwa fahari kwamba ukoo wetu ni wa watu wenye nguvu. Shida yetu ni moja tu, dadangu mdogo ni mvivu.

Aliweka kalamu chini. "Mvivu vipi, mzee?"

Nikamweleza. Analala mchana. Huvaa sweta wakati wengine wanatoka jasho. Amenenepa bila kula sana. Kadiri nilivyozidi kueleza, ndivyo sauti yangu ilivyopungua, na safari hii halikuwa kosa la misuli. Mke wangu alikuwa akitazama dirishani.

Daktari alisema dada anafaa kupimwa tezi. Hakuna jeni moja inayoleta ugonjwa huu, akaeleza, na haurithiwi kama pua. Kinachoweza kurithiwa ni mwelekeo: askari wepesi wa kukosea. Kwa mmoja watashambulia misuli, kwa mwingine tezi, na wengi waliobeba jeni hizo hizo hawataugua chochote.

Dada anaishi Kabiria. Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo, nikiwa na hotuba niliyoitunga njiani, yenye msamaha katikati na ushauri wa kitabibu mwishoni. Lakini ilikuwa saa kumi na moja. Nilipofika kwenye msamaha, sauti ikahamia puani na maneno yakatoka kama uji. Akauliza kama nimelewa. Nikaanza upya, ikawa mbaya zaidi. Mwishowe nilichukua karatasi nikaandika: TEZI. NENDA UPIMWE.

Aliisoma, akaingia chumbani, akarudi na kichupa cha vidonge. Alikuwa akivimeza kwa miaka miwili.

"Mbona hukuniambia?" Hilo angalau nililitamka.

"Nilikuambia nimechoka," akasema. "Ukasema dawa ya uchovu ni kuamka mapema."

Sikukumbuka kusema hivyo, lakini nilijitambua. Akanieleza kwamba hata marehemu mama alipasuliwa shingo kabla sijaanza shule, ndiyo maana alivaa skafu maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba alipenda skafu.

Vidonge vyangu vilinisaidia. Siku hizi nafungua duka mapema na kufunga saa nane, na wateja wa jioni nawatuma kwa muuza miwani wa mtaa wa pili, ambaye huwahudumia vizuri kuliko ninavyopenda.

Kilichobaki kunisumbua ni binti yetu aliye chuoni. Nilipomsimulia yote, aliuliza, "Sasa mimi nimerithi nini?" Nikamwambia alivyosema daktari: mtu mzima wa afya hana haja ya kupimwa jeni, ila ajue dalili, na siku akiugua amweleze daktari wake habari za ukoo.

"Basi niandikie hizo habari za ukoo," akasema.

Nilichukua kalamu nikiwa kichwa cha familia, nikagundua sijui chochote. Ikabidi nimpigie dada simu. Alinitajia mmoja mmoja na ugonjwa wake, shangazi hadi babu, nami nikaandika. Mara mbili ilibidi anitajie jina la ugonjwa herufi kwa herufi.