Jukwaa la Salle Mwamba

Vijana wanne wenye nyundo walipoingia Salle Mwamba siku ya soko, walimkuta Solange Muhawenimana amekaa katikati ya jukwaa, gitaa la besi mapajani. Hakuinuka.

Ukumbi ule wa muziki wa Kitshanga, mji mdogo wa mashariki mwa Kongo, ulijengwa na Mbusa, mfanyabiashara wa Butembo aliyesema vijana wa milimani nao wana haki ya kupiga roki. Solange alikuwa mfagiaji tu. Siku moja mpiga besi alilazwa na malaria, akapanda yeye, maana kila wimbo alishaukariri ufagio mkononi. Watu walimcheka. Wimbo wa pili ulipoanza, wakanyamaza. Wa tatu, wakacheza. Akabaki mpiga besi wa bendi, na pamoja wakalijenga upya jukwaa kwa mbao.

Kisha vita vikaja. Watu wenye silaha walibeba jenereta na spika. Familia zilizokimbia vijiji vyao zikalala humo miezi mingi, Solange miongoni mwao, besi ameificha chini ya mbao za jukwaa. Bendi ilitawanyika. Mbusa akafa, na wanawe wakamuuzia ukumbi Hubert, aliyetaka bohari ya maharagwe na viazi, na ndiye aliyewatuma wale vijana wavunje jukwaa.

Sasa Hubert mwenyewe aliingia. "Mama Solange, shuka. Hii salle iko yangu, papier ya kununua niko nayo."

"Salle iko yako, Papa Hubert, sikatai. Lakini hii podium tuliijenga na mikono yetu. Ukitaka kuivunja, anzia na mimi."

"Na hiyo gitaa bila courant, jenereta hakuna, utaifanya nini?"

Solange alisimama, magoti yakilia. Akakanyaga mbao kwa kisigino, na lile jukwaa lenye uwazi chini likanguruma hadi mlangoni. Akakanyaga tena, akaimba wimbo wa kwanza wa bendi yao, kwa sauti iliyokwaruza. Mama mmoja muuza ndizi alichungulia, akauitikia. Wakaingia wengine na mabeseni yao kichwani, wale waliowahi kucheza humo wakiwa wasichana, na wale waliojifungulia humo wakati wa vita. Vumbi likapanda. Kijana mmoja aliweka nyundo chini; wenzake wakamfuata.

Hubert alitazama umati, akatema mate. "Basi ikae! Lakini huku chini kwote ni kwa magunia yangu."

"Weka," alisema Solange, akihema.

Magunia yalijaa hadi ukingoni mwa jukwaa, yakaishia hapo. Jumamosi alasiri Solange huyapanda kama ngazi kwenda kuimba, wasichana watatu anaowafundisha nyimbo za bendi nyuma yake, na huwa hawaombi ruhusa.