Samli kwenye Breki za Bwana Harusi

Kuna barabara inayoshuka kutoka Makindye ambayo mpaka leo nikiipita lazima atokee mtu wa kunitazama, avute hewa kwa pua, kisha aulize kama chapati zimeiva. Sina cha kujitetea. Niliaibika mbele ya wanajeshi, mbele ya soko zima na mbele ya bwana harusi wa watu, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko wale wanaoongeza kwamba nililia (sikulia, ulikuwa moshi).

Siku zile za serikali ya wanajeshi nilikuwa nimejibanza Naguru kwa rafiki yangu polisi, na asubuhi moja nikatoka bila mpango wowote. Ndivyo nilivyo. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua treni inakwenda wapi, na tangu hapo nikafuata reli, Voi, Nakuru, Tororo, gereji hadi gereji, nikifungua na kufunga breki za malori. Basi asubuhi ile nikatembea tu, miguu ikanipandisha Makindye, na uani mwa nyumba moja nikaliona: gari dogo jekundu la spoti, viti viwili, paa la turubai, magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. Nikasimama pale mpaka mwenyewe akatoka kuniuliza ninataka nini.

Mwenyewe aliitwa Twaha, kijana wa familia ya Waswahili wa tangu zamani, wauza nguo, na gari hilo alikuwa amelinunua kwa Mhindi aliyeamriwa kuondoka nchini. Jumamosi ile alikuwa anaoa, binti wa mwalimu wa madrasa huko bondeni Namuwongo, na alitaka aende na gari hilo hilo, ila breki zilikuwa zimekwisha kabisa. Tena mkwewe hakuwa mtu wa mchezo. Ndoa ilishaahirishwa mara moja kwa sababu Twaha alichelewa, na mzee alikuwa ametuma neno: safari hii nikimaliza sala ya adhuhuri sijamwona, abaki na gari lake.

"Unazijua breki?" Twaha akaniuliza.

"Bwana, wewe niulize nisichokijua."

Na kweli nilizijua, wala sitaki mtu aninyime hilo. Madukani rafu zilikuwa tupu, lakini Twaha alikuwa amepata kwa magendo seti mbili za pedi za breki za mbele, moja mpya ndani ya boksi linalong'aa, nyingine iliyokwisha kutumika, imefungwa gazetini. Yeye akataka mpya, si harusi? Nikaikwaruza ile mpya kwa ukucha, ikatoka unga kama chaki. Nikaigonga kwa bisibisi, ikalia kama kigae kilichopasuka. Zile kuukuu zilikuwa nzito, unene sawasawa, hazina ufa. "Harusi ni yako," nikamwambia, "lakini breki niachie mimi." Nikafunga kuukuu.

Nyuma gari lilikuwa na breki za ngoma, kama malori yangu, nikazipigilia lainingi nzima, yaani vile vipande vinavyosugua ngoma kwa ndani, na kukaza breki ya mkono mpaka gari likasimama lenyewe kwenye mteremko, hakuna mtu ndani, hakuna jiwe nyuma ya gurudumu, majirani wamejipanga wakisubiri litoroke. Halikutoroka. (Hilo naomba mlikumbuke, tutalihitaji.)

Ningeishia hapo, leo mngekuwa mnaniita fundi. Lakini usiku wa kuamkia harusi mvua ilinyesha, na asubuhi, nikilifuta gari, nikachungulia katikati ya spoku nikaona zile diski za mbele, yaani sahani za chuma ambazo pedi huzibana ili gurudumu lisimame, zimeota kutu rangi ya chungwa. Kwenye malori yangu breki zote zilikuwa zimefichwa ndani ya ngoma, sikuwahi kulala na diski nikaamka nayo, sikujua kwamba kutu ile huondoka yenyewe ukikanyaga breki mara moja tu. Mimi niliona chuma cha bwana harusi kinaoza mchana kweupe. Na wakati ule, mnakumbuka, kitu ukishakipata unakitunza, maana kikiharibika hupati kingine. Grisi ni nyeusi, itachafua spoku. Nikaenda jikoni kwa mama yake Twaha, Bi Zaina, nikamwomba kijiko cha samli.

"Samli hii ya pilau?" akasema. "Unakwenda kupaka nini?"

"Diski za gari, Mama. Ziling'ae."

"Basi chukua na masufuria yangu ukayapake." Lakini alinipa. Nikapaka, nikasugua kwa kitambaa, zikang'aa kama vioo, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikajipongeza.

Tukaondoka, mimi kwenye usukani, Twaha kando yangu na kanzu, joho na kofia mpya, watoto wa mtaa wanapiga vigelegele. Huku juu ni tambarare, nikawa naendesha kwa gia tu, nikimhutubia: "Ona, breki haikanyagwi ovyo. Mtu anayejua kutunza breki husahau kama zipo." Twaha anaitikia. Tukaanza mteremko, tukapinda kona, na mbele yetu kikatokea kizuizi cha wanajeshi: mti umelazwa barabarani juu ya mapipa mawili, bunduki, na soko dogo la ndizi pembeni.

Kizuizi siku zile hukipiti. Wewe unasimama, tena unasimama mbali. Nikakanyaga breki. Pedeli ikawa ngumu kama mguu wa meza, na gari likaendelea kuteremka kwa raha zake.

"Punguza," Twaha akasema.

"Napunguza."

"Mbona hupunguzi?"

Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya mbele, na pamoja na moshi harufu, harufu nzuri kabisa, ya chapati ya asubuhi. Nikarudisha gia, injini ikapiga kelele, nikavuta breki ya mkono pole pole, jino kwa jino, nikiziomba ngoma zangu za nyuma, nazo, Mungu azibariki, zikashika. Gari likasimama pua yake ikigusa pipa. Liligusa tu. Lakini pipa lilikuwa tupu, likaanguka, likabingirika mteremkoni mpaka kwenye lundo la ndizi la mama mmoja, mti ukadondoka chini, na bunduki zote zikatugeukia.

"Toka inje! Mikono juu! Kwa nini hapana simama?"

Tukatoka. Sajenti, mtu mrefu, akakaribia, akasita, akanusa. Akanusa tena. "Nani napika hapa?"

Akalizunguka gari.

"Muko na samli. Samli ya magendo. Iko wapi?"

Hapo ndipo jasho liliponitoka, kwa sababu kuficha samli wakati ule hakukuwa kosa la kuchekewa. Wakafungua buti, wakainua viti, wakampapasa bwana harusi ndani ya joho. Hakuna kitu, na harufu bado ipo. Ikabidi niseme.

"Afande, samli iko kwenye breki."

"Wapi?"

"Nimepaka breki. Zisishike kutu."

Akainama, akanusa gurudumu la mbele. Kisha akaelekeza kidole kwenye pipa lililobaki. "Panda juu. Sema tena, watu wote wasikie."

Nikapanda pipa. Nikawatangazia watu wa soko, "Nimepaka breki samli!" na soko likaangua kicheko ambacho nadhani Namuwongo walikisikia. Yule mama wa ndizi alikaa chini kabisa. "Ssebo," akaniita, yaani bwana, "hiyo gali yako inakalanga na mayai? Mimi niko na njaa!"

Twaha peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama jua.

Nikashuka nikamwomba mama yule majivu ya jiko na maji ya moto, akanipa huku akifuta machozi. Nikafungua magurudumu ya mbele, nikasugua diski kwa majivu, nikatoa pedi nikazikwangua kwenye jiwe la barabarani mpaka zikawa kavu. Ile mpya ya boksini ingemeguka yote mkononi. Kuukuu zangu zilivumilia. Nilipomaliza, sajenti akasimama katikati ya barabara, akapanua miguu. "Rudi juu. Shuka. Mimi nasimama hapa."

"Afande, tuweke pipa."

"Pipa haina akili ya kuogopa. Mimi nataka kuona kama wewe unaogopa."

Nikarudi juu. Ningeweza kuja taratibu kwa gia, lakini nilikuwa nimetangaza ujinga wangu juu ya pipa, nikaona niutangaze na ufundi wangu. Nikashuka kama mtu mwenye haraka ya harusi, nikamwona sajenti anakua, nikakanyaga mara moja. Gari likainama pua, likasimama kimya, limenyooka, kati yake na viatu vya sajenti pangetosha sinia la pilau. Hakusogea. Soko likapiga makofi, na mama wa ndizi akapiga kuliko wote.

"Enda, Samli," sajenti akasema, na jina hilo ndilo ninaloitwa mpaka leo.

Tulifika Namuwongo mzee anatoa salamu ya mwisho ya sala. Twaha aliingia na majivu kwenye joho lake, akaozwa.

Tangu siku ile nimeapa: kitu kilichotengenezwa kushika sikipaki kitu cha kuteleza, hata kiote kutu mpaka kiwe na ndevu. Watu wa bibi harusi walitaka gari libaki kwao usiku ule, kesho yake limpeleke bibi harusi kwa mumewe, na mimi nibaki nalo, kwa hiyo jioni shangazi yake bibi harusi, Bi Mwanaidi, akanionyesha chumba kilicho ubavuni mwa jiko, karibu na reli, kitanda na mkeka, kizuri tu.

"Karibu mwanangu," akasema. "Habari zako zilitangulia. Samli nimeifungia kabatini."

Kisha akatazama gari, nililoliegesha pale uani kwenye mteremko, akaokota jiwe ili aliweke nyuma ya gurudumu.

"Weka chini, Bi," nikamwambia. "Halihitaji jiwe."

Nikaikaza breki ya mkono jino moja zaidi, nikaingia chumbani kwangu, na asubuhi nikalikuta palepale.