Mgonjwa wa Kipindupindu Hapewi Maji

Mpaka leo nikisikia mtu akisema mgonjwa wa kuhara asipewe maji, damu hunichemka, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimerudi nyumbani Mundika kwa likizo ya chuo kikuu. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kutoka upande wa ziwa. Omena, wale dagaa wa Sio Port, walipigwa marufuku sokoni, na karantini ikazuia magari ya abiria. Asubuhi moja dada yangu mkubwa aliamka akihara maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Kabla jua halijawa kali, macho yake yalikuwa yamezama, na ukimfinya ngozi ya mkono inabaki imesimama. Nilisimamisha lori lililotoka Malaba ili limfikishe hospitali. Dereva alichungulia, akaona hali, akakanyaga mafuta.

Shangazi, Senje kama tulivyomwita kwa lugha yetu, aliyetulea baada ya mama kufariki, alitoa mtungi wa maji nje akaketi nao mlangoni.

"Hapa hakuna mtu ananyweshwa," alisema. "Mtu anahara maji, halafu wewe unamwongezea maji? Hiyo ni akili gani?"

"Senje, huyu atakauka afe."

"Wewe umesoma vitabu. Mimi nimezika watu."

Na muhula ule ule nilikuwa nimefundishwa ugonjwa wenyewe! Bakteria wa kipindupindu hana haja ya kuingia ndani ya seli za utumbo. Hukaa nje akatoa protini yenye sumu. Vipande vitano vya protini hiyo hujipanga duara na kung'ang'ania utando wa seli, unaoizunguka kama ule unaofunika uji ukipoa. Kisha kipande cha sita hupenya. Kikishafika ndani, huilazimisha seli kumwaga chumvi, na maji yanafuata chumvi, bila kukoma. Lakini kwenye utando huo huo kuna protini nyingine, ya mwili wenyewe, inayopokea sukari na chumvi kwa pamoja ikaziingiza, na maji huingia nyuma yake. Protini hii ya pili, ile sumu haiigusi. Mgonjwa akinywa maji yenye sukari na chumvi, anapona. Mhadhiri wetu alituchorea lile duara kwa chaki za rangi, tukalikariri kwa ajili ya mtihani. Hayo ya sukari na chumvi aliyasema huku akitafuta koti lake. Hata yeye bado nina hasira naye.

Sukari siku hizo ilikuwa inavuka kwenda Uganda kama ina miguu, na kidogo alichokuwa nacho Shangazi kiliwekewa wageni. Nilichukua yote. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikatia sukari ya kiganja na chumvi ya kunyanyua kwa vidole. Shangazi alisimama katikati ya mlango. Nilimsukuma. Katika ukoo wetu hakuna anayemsukuma senje wake, na mimi ningemsukuma tena leo.

Dada alikunywa kwa kijiko, akatapika, akanywa tena. Shangazi aliketi upande wa pili wa kitanda akimpangusa, akifua vitambaa, akilia kwamba namuulia mtoto. Hakutoka hapo hata kula. Alimpenda dada kuliko sisi sote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ningependa kumchukia nikamaliza.

Kesho yake mchana dada alikojoa, akaomba uji. Majirani walikuja kutoa pole wakakuta shukrani.

"Nilimnyima maji toka mwanzo," Shangazi aliwaambia. "Huyu msomi alileta fujo yake, lakini Mungu alinisikia."

"Alikunywa!" nilipiga kelele. "Alikunywa sufuria nzima, mbele ya macho yako!"

"Ni kweli, nilikunywa," dada alisema kutoka kitandani.

"Mgonjwa alikuwa hajitambui," mama mmoja alijibu, wenzake wakaitikia. Mimi walinitazama kama mtoto anayewajibu wakubwa. Shangazi akawa ndiye mwenye kuponya kipindupindu, na habari hizo zikatembea.

Wiki haikuisha. Watu wa Matayos walikuja kumwita alfajiri, kuna mtoto wa kike kwa binamu yetu ameshikwa. Aliondoka nao kwa miguu, kwa njia za panya, mimi bado nimelala. Ningejua ningemfuata mbio, sufuria mkononi.

Alirudi jioni, leso amejifunga kiunoni, miguu imejaa vumbi. Alikaa chini ukutani.

"Mtoto ametuacha," alisema.

"Mlimpa maji, Senje?"

"Hata tone. Mimi mwenyewe nilikaa na mtungi."

Alijifuta machozi kwa pindo la leso, na yalikuwa machozi ya kweli. Kisha akakunja uso, akafikiri.

"Lakini mama yake simwamini," alisema. "Nafikiri alimnywesha kwa siri."