Mbio Zilizoishia Jamvini

Baba yangu hakuwahi kunikataza kukimbia. Angenikataza ningekuwa na la kubishania. Kila asubuhi nikirudi jasho linanitiririka, yeye alikuwa akiinua macho kutoka kwenye korosho anazochambua na kuuliza, "Umefukuzwa na nani?" Hivyo tu. Mbele ya majirani, mbele ya wanunuzi, hata mbele ya mchumba wa mdogo wangu aliyekuja kujitambulisha. Kwetu Naliendele, mwanamke mtu mzima aliyeachika na kurudi kwa baba yake akionekana anakimbia barabarani, watu hutazama kwanza nyuma yake waone kuna nini.

Nikachoka. Mbio za Mnazi Bay zilipotangazwa nikamwambia, "Baba, nikiwa wa kwanza kwa wanawake, usiniulize tena."

"Na usipokuwa?"

"Naacha kukimbia."

Mdomo wangu una kasi kuliko miguu. Neno likawa limeshatoka, na yeye akalipokea vizuri kabisa. Akasema atakuja mwenyewe kusimama pale mwisho wa mbio, ufukweni, aone kwa macho yake.

Mratibu wa mbio alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye kipaza sauti na shida moja kubwa: mchanganyiko. Wafadhili wake walitaka picha yenye watu wa kila rangi, wanawake kwa wanaume, wote wanacheka. Basi badala ya kutuacha tupashe misuli, akaanza kutupanga kama anapanga mashada ya maua. Wageni kulia, wenyeji kushoto, wanawake mbele, warefu nyuma.

Mhindi wa duka la spea, ambaye babu yake amezikwa Mtwara na ambaye Kimakonde chake kinaaibisha changu, akasukumwa kulia.

"Karibu sana Tanzania, kaka," Mratibu akamwambia.

"Nimeshakaribia," akajibu, akabaki hukohuko kulia kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli.

Mama mmoja wa Kitaya, kijiji cha mpakani, alileta utata zaidi. Watu wake asili yao ni ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kwa hiyo Mratibu alipolisikia hilo alifurahi, akamhamishia kwa wageni. Mpiga picha akachungulia kwenye kamera akalalamika kwamba huyu mbona haonekani mgeni. Akarudishwa kushoto. Kushoto wanawake wakazidi, akapelekwa kulia tena. Mama wa watu akawa anakwenda na kurudi, mkoba wake kwapani, mpaka akauliza kwa upole kama hizo ndizo mbio zenyewe. Mimi damu ilikuwa inanichemka. Nilikuja kushindana, nikafanywa pambo.

Mpinzani wangu nilimjua: dada wa Kizungu anayefundisha wauguzi mjini, mwenye miguu mirefu na pumzi ya ajabu. Filimbi ilipolia nilimfuata mgongoni, kijua cha asubuhi kikitupiga, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Tulipoanza kuingia kwenye mikorosho nikampita. Nikawapita na vijana wawili waliokuwa wakiongoza. Mbele yangu hakukuwa na mtu, si mwanamke si mwanamume. Naisema wazi: sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu.

Ndipo nikaliona turubai.

Lilikuwa kando ya njia, katika kijiji kimoja kabla ya kufika baharini. Turubai la kijani lililofubaa kwa moshi. Wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki upande mmoja, kimya, mikono magotini. Upande wa pili wanawake juu ya majamvi, na nyuma yao sufuria kubwa kwenye mafiga. Msiba. Miguu yangu ikapunguza mwendo bila kuniuliza. Msiba haupitwi mbio, hata kama una deni na baba yako. Nikafungua mtandio niliokuwa nimejifunga kiunoni, nikajitanda, nikaenda kukaa jamvini kwa wanawake.

"Makiwa," nikasema.

Wakaniangalia kwa mshtuko, wakaitikia. Nyuma yangu akaja dada wa Kizungu. Aliponiona nimekaa, akaomba khanga kwa jirani, akajifunika, akakaa. Miaka yake Mtwara haikwenda bure. Akaja mama wa Kitaya. Mhindi wa spea akaenda kwa wanaume, akawapa mikono mmoja mmoja kwa sauti ya chini. Vijana nao hivyohivyo. Muda si muda mchanganyiko wote wa Mratibu ulikuwa umejipanga wenyewe, wanawake huku, wanaume kule, hakuna aliyeuliza nani mgeni.

Mama mmoja wa pale kijijini alitutazama tunavyozidi kuja, vichwa chini, namba vifuani, akashindwa kuvumilia. Akashika kichwa, akapiga yowe. Wenzake wakapokea. Kilio kikapanda mpaka kuku wakakimbilia mikoroshoni.

Mratibu akatokea juu ya bodaboda, amekuja kuona kwa nini hakuna anayefika mwisho. Akaona watu wake wote wamekaa msibani. Akavua kofia, akaweka kipaza sauti chini ya kiti, akakaa kwa wanaume akiwa ameinamisha kichwa.

Nikamwinamia mama aliyeanza kulia. "Pole, mama. Marehemu ni nani yenu?"

Akakatisha kilio. "Yetu? Si ninyi mmetuletea? Nani amekufia njiani huko?"

Tukatazamana. Nikageuka kule jikoni, nikaona beseni la machungwa yaliyokatwa na ndoo za maji zenye vikombe juu yake. Pilau iliyokuwa kwenye sufuria ilikuwa yetu. Kilikuwa ni kituo cha kupumzikia wakimbiaji. Kijiji kilikuwa kimekodi turubai, majamvi na sufuria kwa chama chao cha kufa na kuzikana, na bango la mbio lilikuwa limesahaulika mjini. Turubai lenyewe alikuwa amelilipia Mratibu kwa simu, bila kuliona.

Kicheko kikaanza kwa wanaume. Mratibu akaruka na kipaza sauti, "Twendeni! Twendeni jamani, mbio zinaendelea!" Dada wa Kizungu akarudisha khanga, akashukuru, akaondoka kama mshale. Nikainuka. Nilikuwa bado naweza kumpata, nilijua hivyo mapajani mwangu.

Mama wa Kitaya hakuinuka. Alikuwa bado analia, hasikii kicheko wala kipaza sauti. Nikamgusa bega. "Dada, hakuna aliyekufa. Tumekosea."

"Dada yangu," akasema. "Ng'ambo. Nimepata habari wameshazika. Sijapata hata pa kukaa nimlilie."

Niliwatazama wanaokimbia wakipotea kwenye kona. Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimkasirikia Mratibu, turubai, mto Ruvuma. Kisha nikakaa tena. Wanawake wa kile kijiji nao wakarudi jamvini mmoja mmoja, na safari hii walilia polepole, kwa mtu.

Tulifika ufukweni mimi na yeye tukitembea, wa mwisho, na kamba ya mwisho wa mbio ilikuwa inakunjwa. Baba alikuwa amesimama peke yake kwenye mchanga, viatu mkononi. Wenzangu walishamsimulia.

"Ulikuwa mbele," akasema.

"Nilikuwa mbele."

"Na hakuna marehemu. Ulishajua, ukakaa."

"Nilishajua, baba. Ahadi yangu naikumbuka. Naacha."

Alipangusa mchanga kwenye kiatu kimoja, kisha cha pili, kwa muda mrefu kuliko mchanga uliokuwepo.

"Mimi nilikuwa naogopa, mwanangu," akasema. "Nakuona unavyokwenda kasi, najisemea, siku yangu ikifika huyu ataupita msiba wangu." Akavaa viatu. "Kesho kimbia mapema, kabla jua halijawa kali."