Kopo la Dawa za Ng'ombe

Tangu aanze kujichoma zile sindano, Cheruto hakutulia. Akikaa, anasimama; akisimama, anatafuta ufagio. Ua wa boma lao, nje kidogo ya Molo, ulifagiwa mpaka kuku wakakosa cha kuparua. Kwenye kibanda chake cha viazi na kabeji, wateja walimjua kwa mizaha, lakini siku hizi alipima viazi macho yakiwa kwenye simu. Tumbo lilimjaa, matiti yalimuuma, na machozi yalikuwa karibu karibu. Juzi alilia mbele ya mtu aliyerudisha kabeji.

Sindano zenyewe zilikuwa za homoni. Kliniki moja ya uzazi mjini Nakuru ilimfundisha kujidunga mwenyewe chini ya kitovu, kila jioni, ili mayai yake yakomae mengi kwa pamoja. Kisha daktari angeyatoa na kuyakutanisha na mbegu za mumewe, Kiptanui, mwanajeshi kwenye kambi ya Gilgil. Ndoa yao ilikuwa ya miaka mingi na mtoto hakuna. Kiptanui alijua kila kitu. Mama yake, Jelagat, ambaye Cheruto aliishi naye boma moja, hakujua lolote.

Hakuambiwa kwa sababu ulimi wa Jelagat hauna breki. Kwenye maombi ya akina mama alikuwa akisimama na kumwombea mkaza mwana wake kwa jina, "Cheruto wetu, ambaye tumbo limefungwa," na benchi zima linageuka kumtazama. Mara hii, Cheruto aliapa, mama mkwe atajua akishaona mtoto. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Cheruto aliisoma methali hiyo shuleni na hakudhani ilimhusu.

Tatizo lilikuwa friji. Dawa lazima zikae kwenye baridi, na friji ya boma ilikuwa moja tu, jikoni kwa Jelagat. Lakini kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule nyanda za juu anajua kwamba mlangoni mwa friji, kando ya siagi, huwa pana kopo la dawa za ng'ombe, na hakuna anayelipekua. Cheruto akazificha zake humo. Alijiona mjanja kweli.

Ikabaki moja, ya mwisho, ile ya kuyaivisha mayai kabisa ili yatolewe. Nesi Truphosa wa kliniki alimwonya kwamba hiyo haina kesho. Ichomwe saa moja jioni, kwa sababu keshokutwa asubuhi daktari atakuwa anayangoja mayai. Ikikosekana, sindano zote za nyuma ni kazi bure.

Siku hiyo Cheruto alifunga kibanda mapema na kufungua friji hata kabla ya kuvua gambuti. Ndani ya kopo palikuwa na dawa ya minyoo na mafuta ya chuchu. Kichupa chake hakikuwemo.

"Mama! Nani amefungua hii kopo?"

"Ni mimi," Jelagat alijibu kutoka zizini, sauti imejaa furaha. "Si huyu ng'ombe wangu Malkia amekataa kupandwa? Daktari wa ng'ombe alisema ataniachia sindano ya kumtia joto, nikaona ameacha. Joash alikuja kuchukua maziwa, nikamwambia amdunge."

Cheruto akakimbilia zizini. Joash, mwenye pikapu ya kukusanya maziwa, ambaye ndiye huwachoma sindano ng'ombe wa mtaa mzima, alikuwa bado hapo. "Imeingia poa sana," alisema. "Hakupiga hata teke."

Cheruto akamtazama Malkia. Malkia alikuwa akicheua, ametulia kuliko mtu yeyote pale. Kicheko kikamtoka Cheruto, kikageuka kilio.

"Hiyo dawa ilikuwa yangu."

"Yako ya nini? Kwani wewe ni ng'ombe?" Jelagat alianza kucheka, halafu akauona uso wake. Cheruto akayamwaga yote akiwa amesimama matopeni: kliniki, mayai, saa moja jioni. Joash akajifanya anakagua tairi.

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniombea kwa jina, Mama."

Cheruto alimpigia Truphosa, na nesi hakumpa nafasi ya kulia. "Iko ingine hapa kwetu. Kuja saa hii, dada. Usingoje kitu."

Wakaondoka wote watatu na pikapu ya Joash, madebe ya maziwa yakigongana nyuma. Kufika Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru, malori yalikuwa yamepangana, yanatambaa. Cheruto aliangalia saa, akaangalia lori, akaangalia saa tena. Jelagat, ambaye angeweza kumtukana dereva wa lori mpaka lori lizimike, leo hakumtukana hata mmoja. Hatimaye akasema, macho yake barabarani:

"Malkia nimemngoja misimu mitatu. Watu wakiniambia nimpeleke bucha, nakasirika. Nawaambia huyu ng'ombe ni mzuri, ni dawa tu anatafutiwa." Akamgeukia Cheruto. "Na wewe nilikutafutia nini?"

Cheruto alimshika mkono, na Joash akapata nafasi ya kupita lori.

Walifika kliniki saa moja ikikaribia. Truphosa akamkabidhi sindano. Kila jioni Cheruto alikuwa amejidunga peke yake, mlango umefungwa kwa komeo, ameuma leso asisikike. Leo alipima mahali mara mbili, kisha akaishusha sindano.

"Nikufanyie?" Truphosa aliuliza.

"Ngoja kidogo," alisema Jelagat. Akaenda kwenye sinki, akanawa mpaka kwenye viwiko jinsi anavyonawa kabla ya kukamua, akarudi na kumwinulia Cheruto blauzi. Akaona tumbo lote lilivyojaa alama za bluu na zambarau za sindano. Truphosa akachoma. Jelagat, bado ameishika blauzi, akafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti, kwa jina, kama kawaida yake. Mara hii jina alilotaja lilikuwa Jelagat.