Kumchagulia Dereva Kichwa cha Treni

Miaka mingi nilifanya kazi ya kupokea kahawa mbivu kwenye mtambo wa kumenyea, huku Matiri, na kazi hiyo iliniharibia imani. Mkulima akishusha gunia, sikuhangaika na zile nyekundu zilizokaa juu zikinichekea. Nilizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko nikachota za chini. Chini ndiko walikoficha mbichi, zilizokauka, na siku moja jiwe zima la kusagia pilipili. Nimestaafu, lakini mkono haujastaafu. Hata padri akihubiri, mimi moyoni nachota za chini.

Kwa hiyo muuza simu wa Mbinga mjini aliponionyesha picha za vichwa viwili vya treni, vya dizeli za zamani, vidogo vya kusimama kiganjani, sikubabaishwa na rangi. Nilimuuliza nani aliyepiga picha hizo, na kwa nini upande wa pili hauonekani.

"Mama, kwani unanunua lori?" akasema. "Chagua kimoja. Ijumaa ndugu yangu anaagiza mzigo. Ikipita hapo usinilaumu."

Nina reli nyumbani. Nilianza kwa kukuta fungu la reli za kuchezea kwenye mitumba, nikaziunganisha juu ya kichanja cha zamani cha kukaushia kahawa, stoo. Halafu nikajenga shamba la mkonge la Tanga, alikofanya kazi baba yangu ujanani. Mkonge niliukata kwa mkasi kutoka kwenye chupa za soda za kijani. Toroli za kubebea mkonge ni maboksi ya kiberiti. Majirani wanasema uzee umenianza kichwani, na waseme. Kilichokosekana ni kichwa cha kuzivuta toroli zile.

Kimoja cha kwenye picha kilikuwa na pua ndefu, kibanda cha dereva kikiwa nyuma, wazi pande zote, na hendeli ya kuwashia imechomoza mbele ya pua. Cha pili kibanda chake kilikaa katikati, kimezibwa vioo, na hakikuwa na hendeli. Kipi kilikuwa cha baba?

Ungedhani swali hilo ni rahisi, maana nyumbani kwetu panaitwa Kwa Dereva. Mwambie bodaboda yeyote wa Mbinga akupeleke Matiri, Kwa Dereva, hatauliza tena. Tulilelewa tukijua kwamba baba aliendesha dizeli ya kwanza ya shamba lile, baada ya ile ya kuni kuachwa ishike kutu. Kofia yake ya udereva, ya kitambaa kigumu cha buluu, imetundikwa ukutani karibu na rozari. Na mwaka huu amemwagiza fundi wa misalaba ya saruji kwamba siku yake ikifika, chini ya jina liandikwe neno DEREVA, kwa herufi kubwa.

Nikaanza kumuuliza kwa kuzunguka. "Baba, ile pua haikukuziba kuona mbele?"

"Reli haizibwi, mama. Reli unaijua."

Siku nyingine: "Ulikuwa unaendesha umekaa au umesimama?"

"Inategemea."

Inategemea! Mtu aendeshe treni miaka mitatu asijue makalio yake yalikuwa wapi? Hapo ndipo nilipoanza kumshuku baba yangu mzazi, na nikishaanza huwa siachi. Nilikumbuka kwamba hajawahi kusimulia alivyoshika breki. Alisimulia moshi, baridi ya alfajiri, mafuta yaliyomlowesha shati. Kilichomtetea kilikuwa kimoja tu. Zamani, homa ikimpanda, alikuwa akipiga kelele: "Zungusha! Zungusha!" Sisi watoto tulijua hapo baba ni bosi, anaamrisha watu wake.

Kumuuliza waziwazi sikuweza. Kwetu mtoto hamwambii baba yake, "Hivi ulisema kweli?" hata kama mtoto mwenyewe ana mvi.

Jumatano nikateremka ziwani. Mwenzake wa Tanga yuko hai, mzee wa kanisa la Anglikana katika kijiji kimoja mbele ya Mbamba Bay. Nilipanda basi, nikapita Tingi, nikamalizia kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Nilimkuta barazani anamenya muhogo. Ni mkubwa kwa baba kwa miaka kadhaa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Baba yako amefariki?"

"Hapana, ni mzima."

"Basi kuna watu wanaandikisha majina ya waliofanya kazi kwenye mkonge?"

"Hakuna."

"Sasa umefuata nini?"

Nikamweleza habari za kichanja, reli na maboksi ya kiberiti. Alinitazama kama mtu anayetafuta njia ya kumwita mkwe wake aje ashuhudie. Nikauliza: dizeli aliyoendesha baba ilikuwa na sura gani?

Kisu kikasimama kwenye muhogo. "Bado wanamwita Dereva?"

"Bado."

Akacheka, cheko fupi. "Vizuri," akasema, akaendelea kumenya.

"Na wewe, baba mkubwa, ulikuwa kazi gani kule?"

"Kazi zilikuwa nyingi."

Inategemea. Kazi zilikuwa nyingi. Hayo ni maneno ya watu waliopatana, nikajiambia. Aliponifungia mbasa wawili wakavu kwenye gazeti nimpelekee mwenzake, niliwashuku hata samaki. Njia nzima nilikuwa nimewapakata nikiwaza: hongo ya nini hii? Nikaondoka na namba ya simu ya mkwe wake na hasira ya kudanganywa na wazee wawili kwa mpigo.

Alhamisi asubuhi nikatega mtego. Nilichonga vichwa viwili vya mti kwa kisu, kimoja cha pua ndefu chenye hendeli ya waya, kingine cha kibanda katikati. Kila kibanda nilikiwekea kiti cha kizibo cha soda. Kisha nikamshika baba mkono, nikamwingiza stoo. "Karibu uione Tanga," nikamwambia. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, sasa anaona kwa vidole. Mimi nikasimama pembeni, mikono nimefumbata, kama pale mtamboni.

Vidole vikapita kwenye mkonge, vikapita kwenye toroli moja baada ya nyingine. Vikafika kwenye kibanda cha kwanza, vikagusa kiti na kupita. Vikafika kwenye cha pili, vikapita. Dereva asingekipita kiti chake, nikajisemea. Kisha vikarudi kwenye pua ndefu, vikateremka mbele, vikaikuta hendeli.

Baba ana gumba la kulia lililopinda. Tangu tuko wadogo alituambia alianguka na mzigo wa kuni. Basi gumba hilohilo hakulizungusha kwenye waya. Alililaza upande mmoja na vidole vingine vinne, akainamisha bega, akazungusha nusu duara, na mkono ukaruka nyuma kwa woga, kana kwamba kile kipande cha mti kingeweza kumpiga.

Niseme kweli, nilifurahi. Nilifurahi kama siku ile ya jiwe la pilipili. Halafu nikatamani nisingemleta.

"Ukiikumbatia hendeli kwa gumba, ikirudi nyuma inalivunja," akasema, kwa Kiswahili chake cha Tanga anachokiweka kwa ajili ya habari za mkonge tu. "Mimi nilifundishwa baada ya kuvunjika." Akanigeuzia uso. "Umefika chini ya gunia?"

Nikaanza kuzipanga upya toroli za kiberiti.

"Jana ulikwenda ziwani. Mwenzangu alikwambia nini?"

"Hakuniambia kitu, baba."

"Hakukwambia kwamba dereva alikuwa yeye?"

Nilimsogezea kigoda akakaa. Akanieleza: yeye alikuwa utingo, msaidizi wa dereva. Kila alfajiri dereva alipanda kibandani na kuita, "Zungusha!" na yeye mbele ya pua akazungusha mpaka dizeli ikawaka. Gumba lilipovunjika, kazi ikaisha. Siku ya kuondoka, dereva alivua kofia yake akamvisha. Aliposhuka kwenye lori hapa kwetu, watu wakaiona kofia.

"Sikudanganya, mama. Waliniita, nikaitika. Kesho yake wakaniita tena." Alipapasa lile gumba. "Siku ya harusi yako alikuja. Mshereheshaji akasema, Dereva asimame watu wamwone. Nikasimama mimi. Yeye akapiga makofi."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Kwa nini hukuuliza?"

"Mtoto anamuulizaje baba yake jambo kama hilo?"

"Kwa mdomo," akasema.

Niliona aibu iliyonifika mpaka kwenye nyayo. Si yake, yangu. Yule mzee wa ziwani nilimchunguza kama mwizi, nikawanusa samaki wake, naye wakati wote alikuwa anamlindia mwenzake jina ambalo lilikuwa lake. Muuza simu nilimtumia ujumbe palepale: chenye hendeli. Baba akasema nimpitie na fundi wa misalaba, lile neno asiliandike. Kisha akaniomba nipige namba ya ziwani.

Mkwe alipokea, akampelekea mzee barazani. Nikaweka sauti kubwa, nikaishika simu karibu na mdomo wa baba. Kijijini kwetu hakuna tena aliye hai wa kuamkiwa na baba. Ni yeye anayeamkiwa na watu wote, mpaka mwenyekiti.

"Shikamoo, dereva," baba akasema.

 Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu anakohoa.

"Marahaba," sauti ikajibu. "Haya, zungusha."

Na baba, hali amefumba macho yasiyoona, akanyoosha mkono kwenye kichanja kuitafuta hendeli.